Mama Breki na Momenta Iliyotoweka

Mguu wa kulia wa Mama Breki ulikuwa na akili zake. Akisimamisha toroli lolote pale hospitalini, liwe la mashuka, la chakula au kitanda chenye mgonjwa, mguu ule unajinyanyua wenyewe na kukanyaga pedali ya kufungia magurudumu, kwa! Wala hafikiri. Hata nyumbani, akiinuka kwenye kiti cha plastiki, mguu unapapasa sakafuni ukitafuta pa kukanyaga, na mumewe, dereva wa malori ya masafa, anacheka mpaka chai inampalia. Ndiyo maana hospitali nzima, kuanzia daktari mkuu mpaka mlinzi wa getini, ilimwita Mama Breki. Ukiwatajia jina la kwenye kitambulisho chake wanakutumbulia macho tu.

Lakini kilichomtia matatani ni goti la kushoto. Tangu usichana wake alikuwa mhudumu wa kusukuma, na kusukuma vitanda si kazi ya mchezo. Kitanda chenye mtu mnene hakitaki kuanza kwenda, na kikishaanza hakitaki kusimama. Mwaka ule goti lilivimba, uvimbe ukakataa kabisa kushuka, daktari wa mifupa akalibonyeza huku na huku, akasema maneno mawili: usisukume tena. Ofisi nayo ikasema, mama, tunakupenda, lakini mhudumu asiyesukuma tutamfanyia nini? Nafasi iliyobaki ni moja, msaidizi katika chumba cha eksirei. Wanafundisha wenyewe, mradi upite mtihani wa fizikia ya msingi. Ukishindwa, nenda nyumbani ukapumzike.

Kupumzika! Mtu anakwambia ukapumzike kama vile anakupa zawadi. Mama Breki alitoka ofisini kwa hasira na woga. Shule aliiacha njiani, kabla hata fizikia haijamfikia vizuri.

Bahati ni kwamba fizikia ilikuwa inalala chumba cha pili. Wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa mwalimu wa sekondari wa somo hilo hilo, na aliishi nao. Wifi huyo alikuwa mwembamba, mwenye miwani, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Aliposikia habari alipiga makofi.

"Wifi, hilo niachie mimi! Utapita mpaka washangae."

"Usiniahidi makubwa. Kichwa hiki kimejaa vumbi."

"Vumbi tutalipangusa."

Na kweli, kila jioni baada ya kazi, maana akisubiri mtihani aliwekwa kwenye kuhesabu mashuka, kwenye meza ya jikoni kati ya vikombe na vitunguu, walipangusa. Mwanga ukaingia. Joto likaingia. Umeme ulisumbua kidogo, lakini wifi alimfungulia tochi akamwonyesha betri na waya, ukaingia nao. Mama Breki akaanza kutembea wodini kifua mbele, akiwaambia wauguzi kwamba taa zao zimeunganishwa sambamba, na wauguzi wakimjibu asante, sasa tuletee mashuka.

Halafu ikaja momenta.

Nayo momenta haikukwepeka, kwa sababu kwa mkuu wa chumba cha eksirei ndilo lilikuwa swali alilolipenda kuliko yote. Huyu mzee watu walimwita Vuta Pumzi, maana ndilo neno alilowaambia wagonjwa siku nzima: vuta pumzi, zuia, haya toa. Mashine yake ilikuwa na kichwa kizito kilichoning'inia kwenye reli za darini, kinasukumwa kwa mkono, na wasaidizi wawili waliotangulia walikuwa wamekibamiza ukutani. Tangu hapo aliapa kwamba asiyeelewa momenta hakanyagi mlango wake.

"Ni rahisi," alianza wifi, na hapo ndipo walimu wote wanapokosea, kumwambia mtu ni rahisi. "Momenta ni tungamo mara kasi. Uzito wa kitu, tuseme hivyo kwanza, mara kinavyokimbia. Sawa?"

"Sawa."

"Na kanuni inasema, vitu vikigongana, jumla ya momenta haibadiliki. Haiongezeki, haipungui. Inahama tu kutoka hiki kwenda kile."

Mama Breki aliweka kalamu chini. "Haipotei?"

"Haipotei."

"Wifi, mimi nasukuma toroli. Nikiliachia kwenye korido linakwenda, linakwenda, linasimama. Nani kaichukua?"

"Huo ni msuguano."

"Msuguano kaiweka wapi?"

Wifi alikigeuza kikombe mezani. "Tusianzie huko. Tuchukue pale ambapo msuguano ni mdogo, hauna maana."

"Kwa hiyo kanuni inafanya kazi pale ambapo mambo hayako kama yalivyo?"

"Wifi!"

"Mimi nauliza tu."

Wakaendelea jioni nyingine, na nyingine. Mama Breki aliweza kukokotoa. Ukimpa namba anakupa namba. Lakini ndani yake hakuna kilichokaa. Alikuwa akipata jibu sahihi kisha analitazama kwa mashaka, akihisi ameokota kitu cha mtu njiani. Na alijijua. Mtu akimkazia macho na kumuuliza kwa nini, atababaika, na Vuta Pumzi alikuwa bingwa wa kukazia watu macho.

Basi akaamua kujionea. Chini kabisa ya hospitali kulikuwa na korido ya kufulia, ndefu, sakafu laini, inanuka sabuni na mvuke. Mwenyewe wa huko alikuwa dobi, mtu mpole mwenye mikono mieupe kwa maji. Matoroli ya mashuka ya pale yana kulabu mbele na nyuma, maana wahudumu huyaunganisha mawili matatu wakayavuta pamoja. Mama Breki aliona hapo ndipo mahali penyewe. Alichukua toroli moja akalijaza mashuka mabichi, akaliweka katikati ya korido lisubiri. Akachukua jingine tupu, akalisukuma taratibu kwa mkono mmoja, goti lisimlaumu, akaliachia.

Toroli tupu lilikwenda zake, likafika, kulabu ikanasa, kla! Yote mawili yakasimama palepale, kimya.

Alisubiri. Pengine momenta inachelewa. Hakuna kitu.

"Dobi, umeona?"

"Nimeona nini, dada?"

"Lilikuwa linakwenda. Sasa haliendi."

Dobi aliyatazama matoroli, akamtazama yeye. "Limegonga," alisema kwa upole, jinsi mtu anavyoongea na mgonjwa mwenye homa.

Akarudia. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Kla! Kimya. Akapunguza mashuka. Kla! Kimya tena. Kila mara momenta ilifika pale katikati ya korido ikafa. Mama Breki alipanda ngazi akiwa amechanganyikiwa, lakini ndani yake kulikuwa na furaha ndogo ya kishetani. Kumbe si yeye mjinga. Kanuni ndiyo mbovu!

Jioni ile jikoni paliwaka moto.

"Haiwezekani," wifi alisema.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Macho yako yamekudanganya. Toroli lililosimama lazima lianze kwenda. Polepole, lakini lazima liende!"

"Halikwenda hata unywele. Muulize dobi."

"Nimuulize dobi? Wifi, dunia nzima inaijua kanuni hii, leo wewe na dobi ndio mmegundua ni uongo?"

"Dunia nzima haijashuka kwenye korido yetu."

Wifi akavua miwani. Alikuwa ametoka kufundisha darasa lenye kelele, amechoka, na mtu aliyechoka hachagui maneno. "Basi pengine hukuwa umepangiwa fizikia. Si lazima kila mtu aelewe kila kitu."

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinachezacheza juu ya jiko na hakuna aliyekishusha. Mama Breki aliinuka, mguu wa kulia ukapapasa chini kama kawaida yake, akaenda chumbani. Iliuma, tena iliuma kweli. Iliuma kwa sababu ndilo neno alilokuwa akijiambia mwenyewe tangu siku ya kwanza, na sasa lilikuwa limetoka mdomoni mwa mtu anayempenda.

Kesho yake hawakusalimiana vizuri. Habari, nzuri, basi. Lakini mchana, wakati Mama Breki yuko chini kwa dobi akihesabiwa mashuka, nani huyo anashuka ngazi na mkoba wa shule begani? Wifi. Kakunja sura, lakini kaja.

"Nionyeshe," alisema.

"Si ulisema si lazima nielewe?"

"Nilisema upuuzi. Nisamehe. Sasa nionyeshe, maana sikulala vizuri."

Mama Breki hakujibu msamaha, ila alianza kupanga matoroli, na mtu wa nyumbani kwake angejua hilo ndilo jibu. Akalijaza moja mashuka. Akalivuta mpaka katikati. Akaliachia. Akageuka kwenda kuchukua la pili.

"Simama hapo hapo!" wifi akapiga kelele.

"Nini?"

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimeliweka."

"Na mguu?"

"Mguu gani?"

Wifi alikuwa ameshaketi kwenye rundo la mashuka machafu, amejishika mbavu, machozi yanamtoka kwa kicheko. Dobi naye akaangalia chini, akaona pedali imekanyagwa, akaanza. "Dada umefunga breki! Kila mara umefunga breki!" Mama Breki aliutazama mguu wake wa kulia kwa chuki ambayo mtu huwa anaiweka kwa ajili ya ndugu aliyemwaibisha mbele ya wageni. Kisha naye akacheka, akacheka mpaka ikabidi ashike ukuta.

Wakafungua breki. Wifi akausimamia mguu ule kama polisi. Toroli tupu likaenda, likanasa, kla, na safari hii yale mawili yakaondoka pamoja, polepole, mazito, yakienda bila mtu kuyagusa. Mama Breki aliyafuata kwa macho mpaka yalipokwama kwenye mlango wa dobi. Kilikuwa kitu kidogo sana kukitazama, matoroli mawili ya mashuka, lakini alisikia raha mwilini.

Halafu akaharibu furaha, maana ndivyo alivyo. "Haya. Hii nimeiona. Sasa ile ya breki, je?"

"Ile umefunga magurudumu. Sakafu ndiyo imezuia."

"Najua imezuia. Nauliza momenta. Ulisema haipotei. Imeenda wapi?"

"Kwenye sakafu."

"Sakafu haikwenda popote."

"Sakafu imeshikana na jengo. Jengo limeshikana na ardhi. Umeisukuma dunia, wifi. Ila dunia ni kubwa mno, haionekani ikisogea."

Dobi aliacha kukunja shuka. Mama Breki alitazama chini kwa muda, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Mimi nimeisukuma dunia?"

"Kidogo sana."

"Na kitanda? Nikizuia kitanda chenye mgonjwa pale kwenye mteremko wa wodi ya wazazi. Sifungi breki pale, nitamrusha mgonjwa. Nakizuia kwa mwili. Hiyo momenta inaenda wapi?"

Wifi alianza kujibu haraka haraka, kwa sauti ya darasani. "Inaenda ardhini vile vile. Inapita kwenye mikono yako, mgongo, inashuka miguuni, inapita kwenye..."

"Kwenye goti," Mama Breki alimalizia.

"Ndiyo."

"Vitanda vyote vile."

"Ndiyo, wifi."

Hakulia. Alikaa kwenye rundo la mashuka karibu na wifi yake, akalishika lile goti kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu livimbe, hakulionea aibu. Alikuwa amedhani ni uzee, au uzembe, au adhabu ya kitu asichokikumbuka. Kumbe vitanda vyote vile vilikuwa vinapita hapo. Lakini msidhani akili ilitulia, ah wapi! Usiku kucha aligeukageuka akijiuliza kama dunia inajua inasukumwa, na watu wote wakisukuma upande mmoja itakuwaje, na asubuhi alikuwa amechanganyikiwa kuliko alivyolala.

Siku ya mtihani Vuta Pumzi alimkalisha kwenye meza ndogo nyuma ya ukuta wa kujikinga na mionzi, pembeni yake kuna mama mmoja kutoka chuo cha afya aliyekuja kushuhudia. Mwanga, akajibu. Joto, akajibu. Umeme akakosea kidogo, akajirekebisha. Kisha mzee akasogeza kiti, akachora kwenye karatasi matoroli mawili yanayokuja kukutana uso kwa uso.

"Hili lina tungamo nne, linakwenda kulia kwa kasi ya tatu. Hili lina tungamo mbili, linakwenda kushoto kwa kasi ya tatu vile vile. Yanagongana na kunasana. Yataelekea wapi, na kwa kasi gani?"

Katika majaribio yote ya Mama Breki kule chini, toroli moja lilikuwa limesimama. Haya yote mawili yanakwenda, tena yanakwenda kinyume. Hili wifi alilipitia juu juu jioni moja, akasema upande mmoja ni chanya, mwingine hasi, na yeye alikuwa anasinzia juu ya vitunguu. Chanya upi? Hasi upi? Alijua lazima kuna sheria. Hospitalini kila kitu kina sheria. Wagonjwa wanapita kushoto, uchafu unapita kulia, lifti hii ya vyakula, lifti ile ya maiti, na mhudumu akikosea kelele zake zinasikika mpaka barabarani.

Alitafuta sheria kichwani. Hakuipata. Akatazama karatasi mpaka mistari ikaanza kucheza. Mwisho akasema, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka:

"Samahani mzee. Upande upi ndio chanya?"

Akajua amekwisha. Mama wa chuoni aliandika kitu.

"Chagua," Vuta Pumzi alisema.

"Nichague nini?"

"Upande. Wowote."

"Upi ulio sahihi?"

"Yote sahihi. Chagua, mama."

Mama Breki alimtazama usoni kuona kama anamtega. Hakuona mtego. Akaichukua kalamu, akaishikilia juu ya karatasi, na kalamu ikagoma kushuka. Nyie mnaochaguachagua kila siku hamtaelewa. Huyu ni mtu aliyeambiwa aache shule, akaacha. Akaambiwa sukuma, akasukuma. Akaambiwa usisukume, akaacha. Hakuna aliyewahi kumwekea kitu mezani akamwambia upande wowote ni sawa, amua wewe.

Akaandika: kulia, chanya. Kumi na mbili, toa sita, sita. Gawanya kwa tungamo zote, moja. Yanakwenda kulia, kwa kasi ya moja. Lakini hakuamini. Akageuza karatasi, akaandika upya: kushoto, chanya. Toa kumi na mbili, jumlisha sita, ikabaki hasi sita. Hasi moja. Hasi ya kushoto ni kulia. Yakaenda kulia, kwa kasi ile ile. Akageuza karatasi huku, akageuza kule. Ni matoroli yale yale, yanaelekea kule kule.

"Sijaelewa," alisema kwa sauti, akasahau yuko kwenye mtihani.

"Hujaelewa nini? Umepata mara mbili."

"Nimepata. Lakini sijaelewa inawezekanaje."

Vuta Pumzi aliichukua karatasi, akaisoma mbele na nyuma, akampa yule mama wa chuoni, ambaye aliitikia kwa kichwa. Kisha mzee akavua miwani yake akaanza kuifuta, polepole. "Wale wawili walionibamizia mashine," alisema, "walielewa kila kitu siku ya kwanza. Njoo Jumatatu."

Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, kucha zote ameshazitafuna. Alipomwona tu akaruka.

"Vipi? Sema! Wifi, sema basi!"

"Nimepata."

Wifi alimkumbatia, akapiga kelele mpaka muuguzi akatoa kichwa dirishani. Akarukaruka, akamwita profesa, akamwambia leo hapiki mtu. Kisha akamwangalia vizuri, akaona machozi.

"Sasa unalia nini?"

"Kuna kitu sijaelewa."

"Ah, wifi! Mtihani umekwisha! Kipi tena? Ile ya dunia?"

Mama Breki alitingisha kichwa. Akajifuta uso kwa upindo wa sare yake.

"Kwamba muda wote huu nilikuwa naruhusiwa kuchagua."

Wifi alimshika mkono, wakashuka ngazi moja moja kwa ajili ya goti.